Mchaichai umegoma? Tazama kitako kabla ya majani

Kusi likianza kuvuma, mwezi wa tano hivi, watu huanza kuniletea majani. Jani moja limefungwa kwenye gazeti, lingine limekunjwa mfukoni, na swali ni lile lile: "Mchaichai wangu unaumwa nini?" Jibu langu limewachosha wengi. Jani peke yake halisemi kitu. Ncha ya mchaichai hukauka kwa kiu, kwa chumvi, kwa upepo, kwa mizizi kuoza na kwa uzee, na ukauko wote huo unafanana. Tofauti iko chini, pale vishina vinapobanana na kuingia ardhini. Hapo ndipo napaita kitako, na karibu kila dalili nitakayoitaja inaishia hapo.

Mchaichai ninaousema ni ule wa chai, unaopandwa mstari kando ya njia ya kuingilia nyumbani, kuzunguka kisima, au chini ya dirisha la jiko. Ni nyasi ya kudumu, ndugu wa muwa na mahindi, asili yake ni kusini na kusini-mashariki mwa Asia. Ukitunzwa unafika kimo cha mita moja na zaidi, na majani yanainama kwa namna ya kupendeza ambayo maua mengi ya kununua hayaifikii. Ila huku kwetu Mtwara na Lindi una mambo mawili ya kupambana nayo. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu miezi mirefu ya ukame. Na udongo mwingi ni kichanga, kisichoshika maji wala mbolea. Ushauri uliotoka Mbeya au Arusha usiubebe mzima mzima.

Kabla hujashika kichaka, vaa shati la mikono mirefu na glavu, maana jani la mchaichai linakata kama wembe na kidonda chake kinawasha hadi usiku. Kisha chukua fimbo ndefu, pigapiga kichaka kikubwa pande zote, subiri kidogo. Kichaka kizee ni nyumba ya panya, na penye panya nyoka hayuko mbali. Ukimwona nyoka, acha kazi hapo hapo. Usimchokoze kwa panga. Ondoa watoto, mwite mtu anayejua kuwashughulikia. Na akimng'ata mtu, usichanje, usinyonye, usikaze kamba: mwache atulie, kiungo kilichong'atwa kisitikisike, awahishwe hospitali, Ligula kwa walio Mtwara mjini au Sokoine kwa walio Lindi.

Ncha zimekauka, kichaka kinaonekana kimeungua

Malalamiko haya yanazidi mengine yote. Sababu nazipanga kwa jinsi ninavyozikuta.

Kiu ndiyo ya kwanza. Chomeka kidole chote kwenye udongo, shubiri moja kutoka kwenye kitako. Ukikitoa kikavu na mchanga haukushika, umepata jibu. Kosa la wengi si kutomwagilia, ni kumwagilia kikombe kikombe kila jioni. Maji hayo yanalowesha juu tu, mizizi inabaki juu kuyafuata, na jua la saa saba linaikaanga. Kichaka kilichokomaa kipe ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole, kwenye kitako. Kule Newala na Tandahimba, ambako maji yanahesabiwa kwa ndoo, maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kabisa kuuvusha mchaichai hadi mvua. Yenye sabuni nyingi au magadi mwaga kwingine.

Baada ya kumwagilia, weka matandazo: majani makavu, makuti yaliyochakaa, maganda ya karanga, unene wa vidole vinne, yasiguse vishina vyenyewe. Yapo matandazo nisiyoyaruhusu, nayo ni maganda ya korosho. Najua yamejaa kila kona na ni ya bure. Lakini yana mafuta yanayounguza ngozi, na kila mama aliyewahi kubangua korosho anayajua kwa vidole vyake. Usiyaweke mahali utakapokuwa unaingiza mikono kukata chai.

Ya pili ni chumvi. Hii ni ya walio karibu na bahari wanaotumia visima vifupi. Tazama ukingo wa ndoo yako ya kumwagilia, au pembe za chungu kama mchaichai uko chunguni: kuna ukoko mweupe? Tazama na juu ya udongo asubuhi, ukiwa mkavu. Ukoko ukiwepo, maji yenyewe ndiyo yanayoua. Wakati wa mvua kinga maji ya paa uyahifadhi, na kila ukipata maji ya bomba mwaga ndoo mbili tatu mfululizo zipite chini, zisukume chumvi mbali na mizizi. Mchaichai wa chunguni ni heri uubadilishie udongo wote.

Ya tatu ni upepo. Kusi linalotoka baharini linabeba rasharasha ya chumvi. Utaitambua kwa sababu kichaka kinaungua upande mmoja tu, ule unaotazama upepo, na kitako kiko kijani na kigumu. Hapa hakuna ugonjwa. Punguza majani yaliyoungua, na msimu ujao panda nyuma ya ukuta au uzio wa makuti.

Ya nne ni mapenzi yaliyozidi: samadi mbichi ya kuku au kiganja cha urea kimemwagwa juu ya kitako. Ukauko unakuja ghafla, ndani ya siku chache tangu uweke mbolea. Ondoa kilichobaki kwa mkono, mwagilia sana, ngoja. Kitako kikiwa bado kigumu, kitachipua.

Njano iliyoenea

Swali langu la kwanza ni njano ya majani yapi.

Majani ya chini na ya zamani yakiwa njano, na mapya juu yana kijani hafifu, hiyo ni njaa ya kawaida ya kichanga. Mvua za Januari zinakokota mbolea zote kwenda chini. Beleshi moja la samadi iliyooza vizuri, ile isiyotoa harufu tena, izungushie mbali kidogo na kitako, mwanzoni mwa mvua na tena katikati ya msimu. Usiweke wakati wa kiangazi kikali.

Majani machanga yakiwa njano lakini mishipa yake ikabaki kijani, tazama ulikopanda. Nimeliona sana Mikindani na kwenye nyumba za pwani zilizokaa juu ya mawe ya matumbawe, na pia kando ya kuta mpya ambako mafundi walimwaga mabaki ya chokaa na saruji. Udongo wa namna hiyo unaufungia mmea madini ya chuma. Kumwaga mbolea zaidi hakusaidii. Ng'oa, chimba shimo la upana wa nusu mita, toa vifusi, jaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji, rudisha.

Yote yakiwa njano kwa pamoja na udongo umelowa, shika vishina viwili uvivute. Kishina kizima kinang'oka kwa nguvu tu. Kinachooza kinachomoka bila ubishi, chini kimelainika, rangi ya chai ya rangi, harufu yake mbaya. Hapo umwagiliaji usimame mara moja. Fukua, kata vyote vilivyolainika, bakiza vigumu, uvipande upya juu ya tuta lililoinuliwa.

Mwaka juzi dada mmoja alinipigia simu Agosti akisema mchaichai wake unaoza. Agosti! Mvua hazijanyesha tangu Aprili na yeye mwenyewe hamwagilii. Nilipofika, ardhi ilikuwa tope. Ukikuta unyevu wa aina hiyo wakati wa kiangazi, acha kuchimba. Ama bomba limepasuka chini, ama shimo la choo linavuja. Kwa bomba, waite mamlaka ya maji au fundi bomba. Kwa choo, usikanyage pembezoni mwa shimo, maana mfuniko unaweza kuwa umechoka, na usikate tena majani ya hapo kwa chai, hata yawe yamependeza namna gani. Ya dada yule ilikuwa choo, na kichaka chake kabla ya kuoza kilikuwa kimenawiri kuliko vyote mtaani. Alikuwa anakisifia.

Unga kwenye majani

Hapa wageni wa huku hukosea, na hata wenyeji.

Kuanzia Juni hadi Septemba mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, na vumbi la salfa linasafiri. Mchaichai ulio jirani na shamba unaamka umepakwa njano. Watu wanadhani ni ugonjwa. Pima hivi: salfa inakaa juu ya jani, sawasawa kama poda, inafutika kwa kitambaa chenye maji, na chini yake jani ni kijani safi. Ina harufu ya kiberiti.

Kutu ni tofauti. Geuza jani. Utaona michirizi midogo ya kahawia au rangi ya machungwa, imevimba kidogo, upande wa chini. Paka kidole, unga wa rangi ya kutu unabaki. Kuuosha ni bure kwa sababu unatoka ndani ya jani. Kutu hupenda msimu wa mvua, vichaka vilivyobanana, na majani yanayolala na maji usiku kucha.

Kwa salfa: usichume chai wakati wa upuliziaji. Kata majani yote yaliyopata vumbi uyatupe, subiri mapya. Usijidanganye kwamba ukiosha inatosha, kwa sababu mikorosho hiyo hiyo inapuliziwa na dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, na hizo huzioni kwa macho. Kama una nafasi, hamishia mchaichai wa chai upande wa pili wa nyumba, wa mapambo ubaki huko.

Kwa kutu: kata majani yenye michirizi, yafukie au yachome mbali, usiyafanye matandazo. Mwagilia asubuhi na chini, si kwa kunyunyiza juu. Ikizidi, kata kichaka kizima hadi kimo cha shubiri moja. Mara nyingi majani mapya hutoka safi. Kama vichaka vinagusana, ng'oa kimoja katikati ya kila viwili. Inauma, lakini hewa ikipita kutu hupungua.

Usinunue kiuakuvu ukapulizia mmea unaokunywa. Ikiwa kutu imerudi mara tatu baada ya kukata, beba majani machache kwenye mfuko wa karatasi umpelekee afisa ugani wa kata, akiona haja atakuelekeza kwa watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele, Mtwara. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, hata ukipewa na jirani mwema, iache.

Katikati pamekufa, pembeni pako hai

Kichaka kinafanana na kichwa cha mzee mwenye upara. Duara la kijani nje, ndani nyasi kavu na vumbi.

Sababu ni moja kuu: umri. Mchaichai hupanuka kwenda nje, vishina vya katikati vinazeeka, vinabanwa, vinakosa mwanga na chakula. Baada ya miaka mitatu minne hali hii ni ya kutarajiwa. Sababu ya pili ni ukataji wa kubakuabakua, yaani kila siku unavunja jani moja mbili za nje na hujawahi kukata kichaka chote. Ya tatu ni mchwa, nitawarudia.

Dawa ni kugawa, na wakati wake ni mvua ya kwanza ya kueleweka, Desemba. Ukigawa Juni utauza vikapu vya majani makavu. Mwagilia siku moja kabla. Kata majani yote yabaki shubiri moja. Chimba duara pana, ng'oa bonge lote. Hapa ndipo jembe la mkono hushindwa. Kichaka cha miaka mitano kina mizizi kama zulia, nami huweka jembe katikati na kulikanyaga, au natumia shoka ambalo silitumii kwa kuni. Toa katikati palipokufa, tupa. Pembeni chambua vipande vyenye vishina vitatu hadi vitano, kila kipande kiwe na mizizi yake. Ondoa maganda makavu mpaka uone weupe.

Panda siku hiyo hiyo, kina cha vidole vinne, kitako kifunikwe lakini moyo wa kishina usizame. Kwa mstari wa mapambo acha sentimita 60 kati ya kimoja na kingine. Utaona pengo kubwa na mkono utawasha kuongeza. Usiongeze. Usikate chai kwa miezi minne.

Wapo wanaowasha moto kichaka kizee ili "kirudi upya". Kinarudi kweli wakati mwingine. Lakini majani makavu ya mchaichai yana mafuta, yanashika kwa mpigo mmoja, na kusi likiwa juu na paa la makuti liko hatua kumi, huo si ukulima tena. Usichome karibu na nyumba. Moto ukikutoka, piga 114 Zimamoto kwanza, ndoo baadaye.

Miche haishiki

Kama ulinunua vishina sokoni vya kupikia, geuza utazame chini. Muuzaji mara nyingi hukata kile kidude kigumu cha mwisho ili kipendeze. Kikikatwa, hakuna mahali pa kutoka mizizi, hata ukiomba dua. Chagua vyenye kitako kizima, viweke kwenye glasi ya maji dirishani, badilisha maji kila siku mbili. Wiki mbili au tatu mizizi itatoka, ndipo upande.

Kama miche ina kitako lakini inakauka, huenda hukukata majani. Mche wenye majani marefu na mizizi mifupi unapoteza maji kuliko unavyopata. Na kama inaoza badala ya kukauka, umeipanda chini mno au kivulini. Mchaichai unataka jua la zaidi ya nusu siku. Chini ya mwembe utaishi, utarefuka, utalala, lakini hutaona kichaka.

Kuku nao usiwasahau. Hawali majani, wanachakura udongo mpya na kufukua miche. Zungushia miiba wiki tatu za mwanzo. Mbuzi anaonja mara moja, hapendi sana, ila hiyo mara moja inatosha.

Vishina vinakatika vikiwa vimejaa udongo ndani

Mchwa. Wanaanza na maganda makavu yaliyozunguka kitako, wakikosa hayo wanaingia kwenye vilivyo hai, hasa kiangazi mmea ukiwa dhaifu. Bandua maganda yaliyokufa, sogeza matandazo yasiguse kitako, vunja vijia vyao vya udongo kila asubuhi, mwagilia vizuri. Kwa vichaka vichache hayo yanatosha. Ila ukikuta njia zao zinapanda ukuta wa nyumba au nguzo za paa, mchaichai si shida yako tena. Mwite fundi wa kuua mchwa mwenye kibali, asipulizie kitu chochote mstari wa chai.

Una sura ya mchaichai, chai yake haina ladha

Ponda jani. Likinukia ndimu, shida ni ukataji: majani yamezeeka, kata kichaka chote usubiri mapya, na punguza maji wiki moja kabla ya kuvuna. Likinukia sabuni au dawa ya mbu, na kitako kina wekundu wa zambarau, umeuziwa ndugu yake, ile nyasi ya sitronela. Pia kikitoa mashuke ya maua kila mwaka shuku hivyo, kwani mchaichai wa chai huchanua kwa nadra sana. Sitronela ni nzuri kwa mapambo, na kimo chake kinaupita mchaichai. Iache kando ya uzio. Kwa chai ya kushushia ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu, tafuta mche kwa mtu ambaye umeshakunywa chai yake.

Nimepanda mlangoni na mbu bado wapo

Nalo hili huletwa kwangu kama kasoro ya mche. Mafuta yenye harufu yamo ndani ya jani na hayatoki mpaka lipondwe, kwa hiyo kichaka kilichosimama tu hakifukuzi mbu wa maana. Kikiwa kinene sana ndani yake mna kivuli na unyevu, mahali ambapo mbu wanapumzika mchana. Kipunguze, kisogeze kidogo kutoka dirishani, na chandarua kibaki pale pale kitandani.